Ukurasa wa Tarehe 7 Aprili

Jumuiya yetu ina daftari moja kubwa lenye jalada gumu, lile ambalo madukani huitwa kaunta buku. Kila tarehe ya mwaka imepewa ukurasa wake. Kurasa zenyewe ni 366, kwa sababu tuna mzee mmoja aliyezaliwa tarehe 29 Februari, naye alikataa katakata kuhamishiwa mwezi wa tatu. Katika kila ukurasa katibu huandika nani alizaliwa siku hiyo, nani alibatizwa, nani alifunga ndoa na nani alilala katika Bwana. Tunapokutana kwa sala Jumamosi asubuhi, yeye hufungua kurasa za wiki inayokuja, akasoma majina, nasi tukayaombea yote.

Kurasa nyingi hazisumbui mtu. Jina moja la ubatizo, jina moja la marehemu, labda maharusi wa miaka ya themanini ambao sasa wana wajukuu. Lakini ukurasa wa tarehe 7 Aprili umejaa mpaka pembeni, na katibu ameshabandika karatasi ya ziada kwa gundi. Kamati ya kitabu hiki ilipotuomba tuandike jambo ambalo imani yetu imelazimika kulitafakari kwa pamoja, hatukubishana sana. Tulisema tuandike habari za ukurasa ule.

Watanzania tunaijua siku hiyo kama Siku ya Karume. Jioni ya Ijumaa, tarehe 7 Aprili 1972, Sheikh Abeid Amani Karume, Rais wa kwanza wa Zanzibar na Makamu wa Kwanza wa Rais wa Tanzania, alipigwa risasi katika makao makuu ya chama cha Afro-Shirazi pale Kisiwandui, mjini Unguja, alipokuwa akicheza bao na wenzake. Kaburi lake liko hapo hapo Kisiwandui, na kila mwaka viongozi na wananchi hukusanyika kumwombea dua. Kwetu bara, kwa walio wengi, ni siku ya mapumziko tu: shule zimefungwa, ofisi zimefungwa, watu wanafua nguo.

Katika jumuiya yetu yumo mzee aliyekulia Unguja. Mwaka ule alikuwa kijana mdogo. Anasema mama yake aliwaingiza ndani wote, akaweka komeo, na redio ikawashwa kwa sauti ya chini sana, watu wazima wakiisogelea kama wanaoota moto. Tulipomwambia tunataka kuandika juu ya siku hiyo alitupa onyo moja, nasi tunaliheshimu. Alisema tusiandike kwamba Unguja nzima ilihisi kitu kimoja usiku ule. Mtaani kwao walikuwapo waliopewa eka tatu za ardhi baada ya Mapinduzi, na hao walilia kama waliofiwa na baba. Walikuwapo pia ambao ndugu zao walikuwa gerezani chini ya utawala ule ule, na hao walikaa kimya, kila mtu na lake. "Ukuta mmoja," alisema, "huku kilio, huku kimya. Na sote tulikuwa majirani wa kukopeshana chumvi."

Dada yetu mmoja ni muuguzi, naye kila mwaka hutukumbusha kwamba tarehe 7 Aprili ni Siku ya Afya Duniani. Katiba ya Shirika la Afya Duniani ilianza kutumika tarehe hiyo mwaka 1948, na siku yenyewe imeadhimishwa tangu 1950. Kwa kuwa ni sikukuu na watu wako nyumbani, yeye na wenzake wawili huweka meza chini ya mwembe wa kanisa na kupima shinikizo la damu na sukari bila malipo. Wanakuja Wakristo, wanakuja Waislamu, na anakuja fundi baiskeli wa pale njia panda ambaye hajawahi kuonekana ibadani ila hajakosa kupimwa hata mara moja. Dada huyu hapendi tuisahau furaha ya siku hiyo. Hutusimulia habari za ndui, ugonjwa uliowaua na kuwapofusha watu karne kwa karne. Mtu wa mwisho kuupata kwa maambukizi ya kawaida alikuwa wa mwambao wetu huu wa Afrika Mashariki: Ali Maow Maalin, mpishi wa hospitali katika mji wa Merka, Somalia, mwezi Oktoba 1977. Alipona. Mwaka 1980 dunia ikatangaziwa kwamba ndui imekwisha. Vijana wetu wakitazama alama ya chanjo kwenye mikono ya wazee hudhani ni kovu la kuungua, na dada anasema hiyo ndiyo sifa kubwa ya kazi ile, kwamba hakuna tena anayeijua hofu iliyoileta.

Na kisha kuna Rwanda.

Jioni ya tarehe 6 Aprili 1994 ndege iliyokuwa imembeba Rais Juvénal Habyarimana wa Rwanda pamoja na Rais Cyprien Ntaryamira wa Burundi ilitunguliwa ilipokuwa ikikaribia kutua Kigali. Ilikuwa imetoka hapa hapa Dar es Salaam, kwenye mkutano wa viongozi wa nchi jirani. Kulipopambazuka tarehe 7, Alhamisi, mauaji yalikuwa yamekwisha kuanza. Waziri Mkuu Agathe Uwilingiyimana aliuawa siku hiyo. Kwa muda wa siku mia moja hivi Watutsi waliwindwa nyumba kwa nyumba, na Wahutu waliokataa kushiriki wakauawa pamoja nao. Umoja wa Mataifa husema waliokufa wanazidi 800,000. Serikali ya Rwanda husema wanazidi milioni moja. Mto Kagera ulibeba miili mpaka Ziwa Viktoria. Mwishoni mwa mwezi ule, watu wapatao robo milioni walivuka daraja la Rusumo kuingia Ngara ndani ya saa zipatazo 24.

Kwa sisi tunaoandika katika kitabu cha kanisa, kuna jambo haturuhusiwi kulipita upesi. Wengi waliuawa makanisani. Ntarama, Nyamata, Nyarubuye: majengo hayo leo ni kumbukumbu. Watu walikimbilia huko kwa sababu walifundishwa, kama tulivyofundishwa sisi, kwamba nyumba ya Mungu ni kimbilio. Na wengi wa waliowafuata na mapanga walikuwa wamebatizwa. Neno hilo tumelisoma mara nyingi na bado halikai sawa kifuani. Hatudhani linapaswa kukaa sawa.

Mama mmoja wa jumuiya yetu, mshonaji, alitoka Rwanda. Tumekuwa naye miaka mingi. Anakaa benchi la nyuma karibu na mlango, na hata siku ya Krismasi, kanisa likijaa mpaka watoto wanapakatwa, hakuna anayemwomba asogee mbele. Kwao, kuanzia tarehe 7 Aprili kuna juma zima la maombolezo ya taifa. Harusi hazifungwi, muziki wa sherehe haupigwi, na mjini Kigali, pale Gisozi, huwashwa mwali wa kumbukumbu. Yeye mwenyewe siku hiyo hafungui kibanda chake cha cherehani.

Sasa mtu anaweza kuuliza, na kwetu aliulizwa kweli kweli: je, siku hii ina nuksi? Swali hilo lilitolewa na ndugu mmoja katika sala, nusu kwa utani, lakini tulijua utani ule una mizizi. Sisi watu wa pwani tumekua tukisikia habari za siku njema na siku mbaya, siku za kusafiri na siku za kukaa, na hata waliookoka miaka mingi bado wanasita kuanza ujenzi siku fulani. Mwalimu wetu wa hesabu alimjibu vizuri. Mambo yote yaliyopata kutokea duniani, alisema, yanapaswa kuingia katika visanduku 366. Hakuna kisanduku cha 367. Ukichukua watu 23 tu, uwezekano wa wawili kuzaliwa tarehe moja tayari umepita nusu, basi itakuwaje ukichukua mataifa yote na karne zote? Fungua tarehe yoyote utakutana na jeneza na utoto wa mtoto mchanga. Tuliijaribu hesabu yake hapo hapo kwa daftari letu. Jumuiya ina watu wazima na watoto 41, na tarehe tatu zina zaidi ya mtu mmoja aliyezaliwa.

Jibu la mwalimu liliondoa nuksi. Lakini halikumsaidia mama mshonaji, wala hakudai kwamba litamsaidia. Kujua kwamba kalenda ni finyu hakumwambii mtu afanye nini ikifika siku yenyewe.

Biblia, tukiisoma vizuri, inaijua shida hii. Mara mbili inatusimulia sherehe ya siku ya kuzaliwa ya mfalme, na mara zote mbili mtu anakufa. Farao alifanya karamu siku yake, akamrudisha mnyweshaji wake kazini na kumtundika mwokaji. Herode alifanya karamu siku yake, na kichwa cha Yohana Mbatizaji kikaletwa katika sinia. Wapo Wakristo ambao kwa sababu hiyo hawasherehekei kuzaliwa kabisa. Hatuwacheki, ingawa sisi tunasherehekea. Nyumba ya yule mwokaji, mwaka uliofuata, Misri yote ilipokuwa ikipiga ngoma, walifanyaje? Maandiko hayasemi, lakini watu wa ukurasa wa 7 Aprili wanaweza kukisia.

Naye Ayubu katika sura ya tatu alikwenda mbali kuliko sisi sote. Hakutaka tu kufa. Alitaka siku aliyozaliwa ifutwe, isihesabiwe kati ya siku za mwaka wala kutiwa katika hesabu ya miezi. Kwa lugha ya jumuiya yetu, alitaka ukurasa uchanwe kutoka daftarini. Tuangalie kwamba Mungu alipomjibu, sura nyingi baadaye, hakuuchana. Na wala hakumkaripia kwa kuwa alitamani uchanwe. Alimwonyesha mapambazuko, bahari, mbuni na farasi. Siku ile ikabaki katika mwaka, na Ayubu akaendelea kuizungukia kila ilipofika, mwenye watoto waliokufa na watoto waliozaliwa baadaye.

Basi ikafika mwaka 2023. Tarehe 7 Aprili ikaangukia Ijumaa Kuu.

Mzigo wa mwaka ule ulikuwa wa pekee kwa sababu kwenye ukurasa wetu yumo pia binti wa familia moja, aliyezaliwa tarehe 7 Aprili 2011. Alikuwa anatimiza miaka 12. Wazazi wake walikuwa wameahidi keki na marafiki, ahadi ya muda mrefu, maana mwaka wa kabla yake kulikuwa na msiba nyumbani na mtoto alivumilia. Jumamosi iliyotangulia, mama yake alilileta jambo hilo katika sala. Hakuomba ruhusa, alisema, anaomba ushauri.

Ushauri ulikuja kutoka kila upande. Wengine walisema keki ihamishiwe Jumatatu ya Pasaka, mambo yaishe. Mmoja alisema Ijumaa Kuu ni siku ya kufunga, na mtoto wa miaka 12 amefika umri wa kujifunza. Ndugu mwingine, ambaye anaipenda sana Wagalatia, alituonya juu ya kushika siku na miezi kana kwamba siku zina nguvu ya kutuokoa. Mwenzake akamletea Warumi 14, ambapo Paulo anawaachia nafasi wote wawili, yule anayeona siku moja bora kuliko nyingine na yule anayeona zote sawa, mradi kila mmoja anafanya kwa Bwana. Mzee wa kanisa aliyeongoza sala alitaja kwamba wapo wataalamu wengi wa historia wanaodhani Bwana wetu alisulubiwa tarehe 7 Aprili ya mwaka 30, kwa kuwa Pasaka ya Wayahudi ya mwaka ule iliangukia karibu na Ijumaa hiyo. Wengine hutaja tarehe 3 Aprili ya mwaka 33. Basi huenda, alisema, mwaka huu msalaba umerudi katika tarehe yake yenyewe. Tulishangaa kidogo. Kisha mtu mmoja, kwa upole, akasema jambo ambalo wote tulikuwa tukilizunguka: kwamba hata kama isingekuwa Ijumaa Kuu, tuna mama hapa ambaye siku hiyo hafungui kibanda.

Mama mshonaji alikuwa amekaa karibu na mlango, kama kawaida. Alisema, "Tarehe hiyo ilikuwa siku ya mdogo wangu kabla haijawa ya mtu mwingine."

Tukanyamaza. Akaeleza, kwa sentensi fupi fupi, macho yake kwenye kitambaa alichokuwa akikikunja. Mdogo wake wa kiume alizaliwa tarehe 7 Aprili 1984. Alhamisi ile ya mwaka 1994 alikuwa anatimiza miaka 10. Mama yao alikuwa amenunua chupa mbili za Fanta, akazificha chini ya kitanda, na mtoto alikuwa ameshaziona na kujifanya hajaziona. Asubuhi redio iliwaambia watu wote wabaki nyumbani. Soda zile hazikufunguliwa. Kijana aliuawa baadaye, katika siku ambazo hakuna aliyebaki wa kuzihesabu, na kwa kuwa hawajui tarehe ya kufa kwake, ukoo humkumbuka tarehe 7 pamoja na wengine wote.

"Kila mwaka," alisema, "watu wananiuliza alikufaje. Hakuna hata mmoja anayeniuliza alizaliwa lini. Amebaki na kifo tu. Hata siku yake ya kuzaliwa imegeuzwa kuwa ya kufa." Kisha akamgeukia mama wa binti. "Mama, mtoto usimnyime siku yake. Mimi najua siku ya mtoto ikipotea inavyokuwa. Ila mkimwombea, mniombee na wangu, kwamba alizaliwa."

Hatukupiga kura wala hatukuandika azimio. Mambo ya namna hii hayana muhtasari.

Ijumaa Kuu tulikuwa kanisani mchana kama makanisa yote, madhabahu imevuliwa vitambaa vyake. Siku ile meza ya vipimo haikuwekwa, dada muuguzi alikubali kuihamishia wiki iliyofuata. Jioni tulikusanyika nyumbani kwa binti. Keki haikuwapo. Wazazi walikuwa wameamua wenyewe kwamba keki na marafiki vitakuja Jumatatu, na binti aliridhika. Kulikuwa na mihogo ya kuchemsha na chai ya rangi. Mama mshonaji alikuja na mfuko wenye chupa mbili za Fanta. Aliziweka mezani mbele ya binti, akasema, "Mjukuu wangu, hizi ni za ndugu yako. Fungua wewe."

Binti aliangalia mama yake, kisha akafungua. Akamiminia watoto wote waliokuwapo, kila mmoja akapata kidogo kidogo kwenye vikombe vya chai. Kisha akauliza swali ambalo sisi watu wazima, pamoja na Biblia zetu na hesabu zetu, hatukuwa nalo. Alisema, "Bibi, alikuwa anapenda nini?"

Mama mshonaji alikaa kidogo. Akasema mdogo wake alikuwa hodari wa kuiga mbuzi. Alikuwa akisimama kwenye uzio wa jirani na kulia kama mbuzi mpaka mbuzi wenyewe wanamjibu, na jirani anatoka na fimbo kutafuta ni yupi amenasa. Akaiga hiyo sauti. Hatukuwahi kumsikia mama huyu akipaza sauti, na sasa, usiku wa Ijumaa Kuu, alikuwa akilia kama mbuzi katika sebule ya watu. Watoto walicheka mpaka wakamwagika chini, nasi tukacheka, naye akacheka. Wengine wetu walikuwa wakifuta machozi, na kama mpita njia angesimama dirishani asingejua ndani mna nini.

Kwa kweli jambo hilo liliandikwa zamani. Katika sura ya tatu ya Ezra, Wayahudi waliorudi kutoka uhamishoni waliweka msingi wa hekalu jipya. Vijana walipiga kelele za furaha. Wazee, walioiona nyumba ya kwanza kabla haijaangushwa, walilia kwa sauti kuu. Na mwandishi anasema watu hawakuweza kupambanua sauti ya furaha na sauti ya kilio, na kelele ile ikasikika mbali. Tunalipenda sana neno hilo kwa sababu ya kile ambacho halifanyi. Hakuna kuhani aliyesimama kuwaambia wazee wanyamaze, leo ni sherehe. Wala hakuna aliyewaambia vijana waheshimu majonzi ya wakubwa. Paulo naye anatuagiza tufurahi na wanaofurahi na tulie na wanaolia, na hakusema hao watakuwa katika vyumba viwili.

Wakristo wa kale walikuwa na wazo ambalo mchungaji wetu alitusimulia baadaye. Waliamini kwamba Bwana alitungwa mimba na kufa katika tarehe moja, 25 Machi. Augustino aliliandika katika karne ya tano. Ndiyo maana, wanasema wengine, Krismasi ikawekwa miezi tisa baadaye. Hatuna haja ya kulishika kama fundisho. Lakini kuna jambo dogo ambalo lilitufurahisha. Warusi na Waorthodoksi wengine ambao bado wanatumia kalenda ya kale, tarehe yao 25 Machi inaangukia, kwa kalenda yetu ya sasa, tarehe 7 Aprili. Kwa hiyo siku tunayopumzika kwa ajili ya Karume, na Wanyarwanda wanawasha mwali, na dada yetu anapima sukari chini ya mwembe, kule wanaimba habari za malaika aliyemwendea binti wa Nazareti. Katibu alilisikia hilo akaliandika. Karatasi ya ziada nayo sasa imejaa.

Mwaka uliofuata, 2024, tarehe 7 iliangukia Jumapili. Rwanda ilikuwa ikitimiza miaka 30. Ilikuwa pia Jumapili ya kwanza baada ya Pasaka, ambayo katika makanisa mengi husomwa habari ya Tomaso. Tumelisikia somo lile tangu utoto na mara nyingi mahubiri yanamhusu Tomaso na shaka yake. Siku ile tulisikia jambo jingine. Yesu amefufuka, mauti imeshindwa, milango imefungwa naye ameingia. Na majeraha bado yako. Mwili wa utukufu, wenye alama za misumari mikononi na nafasi ya mkuki ubavuni, na anawaonyesha bila aibu. Kama Mungu angetaka Jumapili ifute Ijumaa, hapo ndipo mahali pa kuifuta. Mchungaji alipokuwa akisoma, baadhi yetu tuligeuka kutazama nyuma kuelekea mlangoni, ingawa si adabu. Mama mshonaji alikuwa amekaa wima. Pembeni yake, kwenye benchi lile la mwisho, alikuwa amekaa binti, aliyekuwa anatimiza miaka 13 siku hiyo. Hakuna aliyemwambia akae pale.

Hatuwezi kusema kwamba mama amepona. Hajasema hivyo, na sisi si wenye kumsemea. Kibanda bado hakifunguliwi siku hiyo. Jina la mdogo wake sasa limo daftarini mara mbili katika ukurasa mmoja, juu kwa waliozaliwa na chini kwa waliolala, na yeye ameomba lisichapishwe katika kitabu hiki, kwa hiyo halimo. Katibu akilisoma hulisoma mara zote mbili.

Mwalimu wa hesabu amepekua kalenda mbele. Anasema Ijumaa Kuu itarudi tarehe 7 Aprili mwaka 2034. Binti atakuwa na miaka 23, na yule kijana angetimiza 50. Binti amesema ikifika hiyo atakuwa ameajiriwa, na soda atanunua yeye, kreti nzima.